Gari Ambalo Mdogo Wangu Hakununua

Nilipofikisha miaka thelathini na mmoja bila mume, watu wa kwetu Kajiado walikuwa wameshachoka kuniombea, wakabaki kunihurumia. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kitengela, nimepanga vyumba viwili karibu na soko, na sikuwa nimemwomba mtu huruma. Basi nikanunua gari.

Lilikuwa kigari cha milango miwili, kilichokuwa cheupe zamani, mali ya muuguzi mmoja mstaafu aliyekuwa anarudi kwao kulima. Nilikwenda kulitazama na fundi, kwa sababu kila mtu aliniambia mwanamke asinunue gari bila fundi. Fundi mwenyewe alipiga teke magurudumu yote manne, akafungua boneti, akatazama ndani kwa huzuni muda mrefu, kisha akasema, "Madam, hii injini ni orijino." Nilimuuliza maana yake. Akasema maana yake haijawahi kubadilishwa. Hata mimi nilikuwa naliona hilo, na sikuwa nimepiga gurudumu hata moja teke.

Kasoro moja muuguzi hakuificha. Mlango wa dereva haukufunguka kwa ndani, na kioo chake kilikuwa kimekwama juu. Dereva akitaka kushuka alingoja mtu amfungulie kwa nje, au aivuke gia atokee mlango wa pili. "Hiyo ni usalama," aliniambia. "Mwizi akiingia hatoki." Nilicheka, nikachukua gari. Fundi akaahidi kuutengeneza ule mlango kesho, na mpaka tunaachana na gari hilo miaka mingi baadaye, kesho yake ilikuwa bado haijafika.

Sasa, kwetu kitu kikubwa hakitumiki hivi hivi. Hupelekwa nyumbani kwanza wazee wakakiombee, wakinyunyizie maziwa kwa majani, ndipo uanze kukifurahia. Na mimi nilikuwa na haja yangu katika jambo hilo. Baba yangu aliuza madume mawili ili nisome sekondari, na wazee wa rika lake walimcheka kwa miaka. Walimuuliza kama kalamu inakamuliwa. Walimuuliza mbele yangu, nikiwa nawapelekea chai. Kwa hiyo nilitaka kitu kimoja tu: baba asimame mbele ya wazee wale wale aseme, "Hili gari ni la binti yangu." Baada ya hapo hata likifa njiani, lingekuwa limefanya kazi yake.

Nilikuwa naishi na mdogo wangu wa kiume. Yeye alikuwa dalali wa ploti, yaani viwanja. Kitengela ya miaka ile kila mwanamume aliyekuwa na viatu vya kung'aa alikuwa dalali wa ploti, na kila ploti ilikuwa na wenyewe watatu. Mdogo wangu alivaa suti, akabeba faili lisilo na kitu, na akala kwangu. Wiki moja kabla ya safari nilimtuma nyumbani apeleke habari: nimenunua gari, tunakuja Jumamosi. Alirudi akiwa mpole ajabu. Hata alivunja kuni bila kuambiwa. Ningeshtuka hapo, lakini nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hana akili nyingi.

Jumamosi hiyo alivaa miwani ya jua na kukaa kando yangu, mkono nje ya dirisha. Isinya tuliingia kutia mafuta. Kijana wa pampu alinipita mimi niliyeshika usukani, akazunguka upande wa pili.

"Boss, tuweke ngapi?"

Mdogo wangu alifikiri kidogo, uso wa mtu mwenye mashamba. "Weka ya kutosha," akasema.

Mimi ndiye niliyelipa.

Tulipoacha lami baada ya mji wa Kajiado, gari lilianza kulia kila mahali isipokuwa kwenye honi, lakini tulifika. Wazee walikuwa wamesimama mlangoni pa boma, kama kumi hivi, na baba kati yao. Nikazima injini. Nikatengeneza kitambaa kichwani. Wazee wakaja wote, wakazipita taa za mbele, wakaenda upande wa mdogo wangu.

Alishuka. Akainamisha kichwa, wakamgusa utosi mmoja mmoja kumsalimu. "Nifungulie," nilimwambia kupitia dirisha lake. Akaurudisha mlango taratibu nyuma yake, nami nikabaki ndani.

Ningeweza kuivuka gia nitokee mlango wake. Lakini nilikuwa nimevaa sketi nyembamba ya Jumapili, na mguu wa binti wa mtu kupita juu ya gia mbele ya wazee kumi si jambo ambalo lingesahaulika Kajiado. Nikakaa. Mzee aliyeongoza alichovya majani kwenye maziwa, akaanza kuomba.

"Mungu ampe kijana wetu magari mengine!"

"Naai!" wakaitikia wote.

"Ampe ng'ombe!"

"Naai!"

"Ampe mke asiyezunguka zunguka!"

"Naai!" Mdogo wangu aliitikia hiyo kwa sauti kubwa kuliko wote.

Maziwa yakaanza kupiga boneti, kisha kioo cha mbele. Nilimtazama baba kupitia matone. Nilingoja aseme. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, anaitikia "Naai" kama wengine, lakini kwa mdomo tu, na macho yake yalikuwa chini kwenye gurudumu. Nilibarikiwa siku hiyo kama sehemu ya gari, pamoja na radieta na betri.

Ndipo nikawasha waipa za kioo.

Kwa miaka mingi nimesema mkono uliteleza. Sina tena sababu ya kudanganya. Niliwasha kwa makusudi, na nikaweka ile kasi kubwa. Maziwa yakaruka pande zote mbili, mengine kwenye shuka la mzee mwombaji, mengi kwenye suti ya mdogo wangu. Maombi yakakatika.

"Nani amefuta baraka?" mzee akauliza.

Mdogo wangu alivua miwani, akaipangusa. "Mniwie radhi, wazee. Ni dereva tu. Bado anajifunza."

Wakacheka. Wakacheka sana, wakashikana mabega. Baba hakucheka.

Mama ndiye aliyekuja kunifungulia, akanipeleka moja kwa moja jikoni. Nilimwambia, "Yeyo, gari ni langu." Akanitia birika mkononi. "Najua. Nyamaza kwanza, wageni wale chakula." Wageni walikula. Niliwapelekea chai wazee wale wale, kwenye vikombe vile vile, na mdogo wangu akiwa katikati yao anawaeleza mambo ya ploti.

Mchana baba alisema anataka kwenda mjini kununua dawa ya kupe. Wote wakamgeukia mdogo wangu, naye akakumbuka kwamba mgongo unamuuma. Hakujua kuendesha hata toroli. Kwa hiyo tukaenda wawili, baba na mimi.

Nilikuwa na kile kitabu cha serikali kinachoonyesha gari ni la nani. Nilikitoa kwenye mkoba nikampa. Baba alisoma madarasa manne tu, lakini majina aliyajua. Alilifuata langu kwa kidole, herufi moja moja, mpaka akafika kwenye lake, lililo mwisho wa langu.

"Najua ni lako," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia mdogo wako ashuke vile na anyamaze."

Nusura niliingize gari mtaroni. Nikamuuliza kwa nini.

"Wangeniuliza mume wako yuko wapi. Sasa ningejibu nini? Eti hana mume, ako na gari?"

"Ungejibu hivyo hivyo, Papa."

Akakirudisha kile kitabu mapajani mwangu kwa uangalifu na kusema, "Nitawaambia. Pole pole, lakini nitawaambia." Na mimi, mtu mzima, mwalimu wa hesabu, nikaamini. Hasira yote ilinitoka nikajisikia mwepesi.

Tulisimama mbele ya duka la dawa za mifugo. Hata baba hajafunga mlango vizuri, mfanyabiashara mmoja wa mbuzi alikuwa amefika. "Mzee! Siku hizi unaendeshwa? Hii gari ni ya nani?"

Baba alinitazama. Tulitazamana vizuri kabisa, sikukosea.

"Ya kijana yangu," akasema. "Huyu msichana ameshika tu usukani."

Nilingoja aingie dukani. Kisha nikageuza gari nikashika njia ya Kitengela, nikalia mpaka Isinya, na baada ya Isinya nikatukana mpaka nyumbani. Nilisikia baadaye kwamba alirudi bomani juu ya lori la mbuzi, na mdogo wangu akabaki huko siku nne akisubiri dereva wake. Sikuwaomba msamaha. Kama kuna binti mwema ambaye angeomba, apewe yeye baraka zile, zangu nilikuwa nimeshazipangusa.

Zilipita wiki sita bila salamu. Mdogo wangu alirudi Kitengela akapanga na madalali wenzake. Nilifundisha, nikaendesha, nikafunguliwa mlango na wanafunzi kila asubuhi.

Siku moja wakati wa mapumziko, mdogo wangu akaja shuleni. Walimu wote walikuwa nje kwenye jua wanakunywa chai. Hakuwa na miwani wala faili. Alisimama mbali kidogo, akaanza kusema kama mtu aliyekariri.

"Papa ni mgonjwa, goti limefura, hawezi kutembea. Amesema mwenye gari aende ampeleke hospitali."

Nikaweka kikombe chini. "Mwenye gari ni nani?"

Alitazama viatu vyake. "Alisema utaniuliza hivyo. Alisema nikujibu mbele ya watu, na nisirudi kwake kama sijajibu. Aliniambia wazee wakiwa hapo."

"Wazee gani?"

"Wote."

Walimu walikuwa wameacha kunywa chai. Sikumsaidia.

"Basi jibu," nikamwambia.

"Ni wewe," akasema. "Gari ni yako."

Nilienda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa, nikachukua funguo. Nilipotoka nilimkuta ameshafungua mlango wa abiria, anajipanga kukaa. Nikamwambia apite nyuma, kiti cha mbele ni cha Papa.