Plau Isiyotaka Kuchomelewa

Binti yangu alipoanza kuunda plau katika karakana yake mjini Bariadi, sikumsifu. Nilimlea kwa jembe la mkono, na sikuona sababu ya kumpongeza mtu kabla kazi yake haijaingia shambani. Mwanawe ndiye anayeyaandika maneno haya ninapoyasema, kwa kuwa mimi shule sikuiona, na nimemwonya asimwongezee mama yake sifa ambazo sikuzitamka.

Plau zile zilitokana na vyuma chakavu. Springi za malori mabovu alizipasha moto na kuzifua, zikawa chuma cha mbele, kile kinachochimba udongo na kuisha kabla ya vingine vyote. Hapa kwetu chuma hicho kikiisha, plau nzima hutupwa nyuma ya nyumba, kuku wakalala juu yake. Binti yangu hakupenda hali hiyo. Alikifunga chuma cha mbele kwa bolti, ili mkulima akifungue kwa spana, amrudishie, naye apewe kingine. Kilichochakaa kingerudi motoni kikawa jembe la palizi, na jembe hilo likiisha lingekuwa kisu.

Kundi letu la kulima kwa zamu hapa kijijini lilikubali kuzijaribu plau chache kwa msimu mmoja, kisha liamue kama litaendelea nazo au litarudia zile za dukani Maswa. Wote tulielewa maana yake. Kama ndugu zake wangezikataa, ni nani mwingine angezichukua? Karakana ingefungwa.

Msimu ulipokwisha, alikuja kukusanya vyuma vilivyochakaa. Alianzia kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa kundi. Nilikuwa pamoja naye. Binti yangu aliinama juu ya plau, akaipapasa.

"Baba mdogo, nani ameichomelea hii?"

"Fundi wa pale senta. Zote tulimpelekea. Tuliona hukuzimalizia, tukakusaidia."

"Zile bolti ndiyo kazi yenyewe."

"Bolti ni za kushikiza kitu mpaka fundi apatikane, mwanangu. Hata kitanda changu nimekichomelea."

"Na usingizi nao umeuchomelea?" nikamwuliza. "Maana tukikuita kulima huamki."

"Shemeji, wewe endelea na kitanda chako cha kamba. Kikikudondosha, usiniite."

Binti yangu hakucheka. Alijaribu kukitenganisha chuma kwa patasi na nyundo, kikapasuka pamoja na shingo ya plau. Plau zote zilikuwa hivyo. Hakuna chuma hata kimoja kilichoweza kurudi peke yake. Nilikuwa tayari kumkaripia shemeji mbele ya watoto wake, lakini binti yangu alinitangulia kwa swali. Alimtaka aeleze, bila kumwonea haya, bolti zilikuwa zimewakosea nini.

Shemeji akaeleza. Katika udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, ng'ombe huvuta kwa nguvu, plau hutetemeka, nati hulegea na kupotelea kwenye tope. Zilizobaki huibwa plau inapolala shambani. "Bolti zako nzuri mno," alisema. "Nusu ya baiskeli za kijiji hiki zimefungwa nazo."

Usiku ule binti yangu alilala kwangu. Asubuhi nilikwenda kulima viazi kwa jembe langu la kizamani, lile ambalo mkia wake hupenya katika kichwa cha mpini. Alisimama akinitazama, kisha akalichukua mkononi mwangu.

"Mayu, hili limefungwa na nini?"

"Halikufungwa. Kulima ndiko kunakolikaza. Nirudishie, jua linapanda."

Hakurudisha. Aliondoka nalo kwenda Bariadi, na viazi vyangu vilingoja mpaka nilipoazima jembe kwa jirani. Nilikasirika, na nilimtumia salamu za hasira.

Mvua zilipokaribia, alirudi na plau nyingine chache. Shingo ya kila moja ilichongoka mbele, na chuma cha kuchimbia kilivishwa juu yake kama ala juu ya kisu. Bolti hazikuwapo. Kundi lilikusanyika, na baada ya salamu za "mwangaluka" za kutosha shemeji alikitikisa chuma kwa mguu.

"Hiki kitatoka kabla ng'ombe hawajageuka."

"Basi wafungeni ng'ombe," alisema binti yangu.

Walilima upande wa mbuga, kwenye udongo mzito. Kadiri udongo ulivyokisukuma chuma, ndivyo kilivyozidi kukaza. Walipomaliza, shemeji alikivuta kwa mikono miwili, kikamgomea. Binti yangu aliokota jiwe, akakigonga kutoka nyuma, kikadondoka. Shemeji alikirudisha mwenyewe, akakigonga, akakirudisha tena.

"Na mwizi je? Naye hana jiwe?"

"Jioni si mnarudi na nira na minyororo? Rudini na hiki pia. Unalala na redio kifuani, baba mdogo, chuma kitakushinda?"

Wenzake walimcheka, naye akacheka. Siku ile hawakuamua lolote. Walizichukua plau hizo mpya, wakasema watazungumza baada ya kulima.

Kulima kulipokwisha, nilikuwa karakanani siku shemeji alipofika na baiskeli, chuma chakavu kimefungwa nyuma kwa mpira. Hakutaka kukikabidhi.

"Nataka nikione kikiingia motoni kwa macho yangu. Usije ukakisugua ukanipa hikihiki."

Binti yangu alikitia kwenye makaa mbele yake. Shemeji alivuta kigoda, akakaa, akakitazama kikianza kuwa chekundu. Kisha akapokea kingine, akakipima uzito kwa mkono, na akasema kundi limemtuma kuuliza plau za wanakundi waliobaki zitakuwa tayari lini.

"Mtangoja zamu yenu," alimjibu. "Watu wa Malampaka wamewatangulia."

Shemeji alinigeukia akitaka nimwombee. Nilimwambia angoje.