Ndege imeanguka, watu wamekuja na madumu

Watu wa Susuni, leo mmenitia aibu.

Ndege ndogo imezima injini ikaangukia shamba la mihogo nyuma ya zahanati yetu. Imepinduka, magurudumu juu.

Mimi nesi nikatoka mbio na boksi la dawa. Kugeuka, naona kijiji kizima kinakimbia nyuma yangu. Nikajisemea, kumbe majirani zangu huwa nawasema bure, wana utu.

Utu gani! Wamebeba madumu na mipira ya kunyonyea mafuta.

Rubani ananing'inia kwenye mkanda kama popo, damu zinamtoka puani. Akamwona mwenye nyumba wangu, mzee anayekaa kiti cha mbele kanisani.

"Shikamoo mzee. Nisaidie."

"Marahaba mwanangu. Tangi liko upande gani?"

Jamani!

Nikakata mkanda mwenyewe kwa mkasi wa bandeji, kijana akaniangukia mzima mzima. Ameteguka bega tu, Mungu mkubwa. Akakaa chini, akawatazama na madumu yao.

"Wazee wangu, injini imezima kwa sababu mafuta yameisha."

Mwenye nyumba akaweka dumu chini, akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza leo akasema, "Pole sana."

Hebu niambieni, hiyo pole alikuwa anampa nani?