Matiti ya Bahati Nasibu

Raelene hakununua matiti yake. Aliyashinda. Klabu ya waokoaji wa ufukweni hapa Gold Coast, Australia, kila Ijumaa huchezesha bahati nasibu ya sinia la nyama. Mwaka ule walitaka boti mpya, wakaona nyama haina mvuto, wakaweka upasuaji wa kuongeza matiti. Tiketi ya Raelene ikatoka. Ukumbi ukalipuka kwa makofi kama kashinda ubunge.

Tangu hapo kifua kikawa mali ya umma. "Yetu yanaendeleaje?" Ndiyo salamu ya Nev, mwenyekiti, bia mkononi. Raelene hucheka, maana hapa asiyecheka utani anaonekana mchawi.

Miaka ikapita. Titi la kushoto likaanza kuvimba, lenyewe tu. Daktari wa mtaani, meno yake meupe kuliko vyeti vyake, akasema ni kuogelea sana. Raelene naye akameza dawa yetu ya taifa: "Itakaa sawa." Huku tunaitumia hata kwa kuumwa na nyoka.

Coral, mpishi wa klabu na shoga yake wa tangu shule, akamkomalia.

"Rae, hilo sasa ni tikiti maji. Nenda kapime."

"Wakiyatoa je? Nev na wenzake watasema nini?"

"Kwa hiyo bora ufe kuliko kumuudhi Nev?"

Jibu la Raelene lilikuwa ndiyo, na lilimtia aibu. Akaenda.

Daktari wa hospitali akavuta maji yaliyojikusanya kuzunguka kifuko cha silikoni alichowekewa, yakapimwa. Saratani. Ya nadra, ya wenye vifuko vya ganda la kukwaruza kama vyake. Imewahiwa, lakini vyote vitoke, pamoja na utando uliovizunguka.

"Hukuambiwa uvimbe kama huu unapimwa mara moja?"

"Niliambiwa nichague saizi."

Alipopona, akaingia klabuni Ijumaa moja, kifua bapa, mkononi kopo alilopewa hospitali baada ya kuomba sana.

"Bibie," Nev akaanza, "yetu umeyaacha wapi?"

Raelene akafungua kopo, akatoa vile vifuko viwili, akavipanga juu ya sinia la nyama la bahati nasibu, katikati ya soseji na mbavu.

"Haya hapa, mzee. Mali ya klabu. Narudisha."

Ukumbi mzima, mabingwa wa utani, ukakosa wa kucheka.

Coral akachukua kitabu cha tiketi za sinia. "Haya, nani anaanza kununua?"