Sakafu ya Fundi Ndala

Sogeeni niwape habari za fundi Mwishehe wa Gongo la Mboto, aliyejenga nyumba nyingi lakini anakumbukwa kwa sakafu moja.

Sakafu hiyo iko Tandika, kwenye chumba cha baridi cha Bi Wahiba, muuza samaki wa jumla. Mwishehe aliimwaga mara mbili, ikapasuka mara mbili. Umeme ukiwepo, maji yaliyonywewa na zege yanaganda na kuvimba, ukikatika, yanayeyuka. Ganda, yeyuka, ganda, yeyuka, mpaka sakafu ikabanduka kama magamba. Mchukuzi mmoja alitumbukia shimoni, kreti begani, akavunjika nyonga. Bi Wahiba akasema, "Fundi, kwa heshima yako nakupa ya tatu. Ikipasuka, usikanyage tena hapa."

Mwishehe akapiga magoti kuikagua. Kiraka cha mlangoni kilikuwa kizima. Akavunja pembe yake, akaona chembe nyeusi ndani. Akakumbuka: mchanga wa kiraka kile aliumwaga kando ya karakana ya jirani, wanakokwangua matairi, na chenga za mpira zikauingia.

Basi akafyatua matofali mawili madogo ya zege, moja la kawaida, moja la chenga. Siku arobaini aliyaloweka, akayatia kwenye friji, akayatoa juani. La kawaida likamomonyoka kama biskuti kwenye chai. La chenga likabaki.

"Barafu inataka pa kusogea," aliniambia. "Mpira unaipisha. Ila usizidishe, zege litakuwa andazi."

Mafundi wenzake wakamcheka. "Oyaa, Fundi Ndala! Sie tunatia kokoto, wewe unatia viatu!"

"Kokoto tupu ndizo zilizoniaibisha mara mbili," akawajibu.

Akaimwaga sakafu mara ya tatu, na chenga ndani. Akiondoka alimwambia Suhaib, mtu wa mitambo, "Liache ligande vizuri, mwanangu."

Kesho yake alikuta mlango umeota ukungu, mashine inanguruma. Akabonyeza sakafu kwa kidole. Ikatoka unga.

"Suhaib, nani kawasha?"

"Mie, mzee. Si ulisema ligande? Nikaweka baridi ya mwisho, ligande haraka."

Ndugu zangu, lugha yetu ndiyo hiyo. Zege linaganda, maji nayo yanaganda. Lakini zege bichi likipigwa na barafu kabla ya kushika, limekufa.

Bi Wahiba akatokea. "Nani kaniharibia?"

Suhaib akainamisha kichwa. Kazi yake ilikuwa inaondoka hapo hapo.

"Kosa la mdomo wangu, Bi Wahiba," Mwishehe akasema. "Nimelisemea zege neno la barafu."

Bi Wahiba akawatazama wote wawili. Kisha akachomoa ufunguo wa sanduku la swichi kwenye shada lake la funguo, akampa. "Nakuongezea moja, Fundi. Likiwa tayari, mwenye kusema ni wewe."

Siku nne aliivunja kwa mkono wake, kifua kikimkereketa, akaimwaga upya. Safari hii alimshika Suhaib bega. "Likomae. Umesikia? Siku ishirini na nane. Likomae."

Siku ya kumi na tisa kifua kilimzidi. Tukamzika Alhamisi, baada ya Adhuhuri.

Bi Wahiba alikwenda kutoa pole. Mjane, Chausiku, alikuwa edani, amekaa mkekani, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga.

"Samaki wangu wanalala kwa watu, mwenzangu," Bi Wahiba akasema taratibu.

"Leo siku ya ngapi tangu limwagwe?"

"Ya ishirini na moja."

"Yeye alisema ishirini na nane. Nawe ndiye uliyempa ufunguo."

Bi Wahiba akashusha pumzi. Ufunguo hakuuomba. Akasoma Fatiha, akaondoka.

Wiki ikapita, akarudi mwenyewe. Chausiku akafungua fundo la kanga kwa meno, maana lilikuwa limekazwa sana.

"Limekomaa," akasema. "Kawashe."

Tangu hapo masika mawili yamepita, na umeme umekatika hata hatuhesabu. Mwezi uliopita nilikwenda kuitazama sakafu. Suhaib akachutama, akamulika kwa simu: nzima, ina madoa meusi kama pilipili manga. Nje, fundi mmoja alikuwa anamwaga kibaraza cha jirani, akawaambia wenyeji waliache ligande.

Suhaib akatoa kichwa mlangoni. "Likomae, bwana. Sema likomae."