Ngazi Iliyokaa Sebuleni

Nilipotimiza miaka kumi na mitano, tonton, mdogo wake Maman, aliniletea mche wa ngazi. Ngazi ni jina la michikichi ya kwetu Katanga. Huu wa tonton majani yake yalitanuka kama pepeo na haukuwa wa kutoa mawese, lakini jina lilishika. Nilifurahi kama kichaa: mti wangu mwenyewe, hapa Ganshoren, nchi ya baridi!

Kwenye kikaratasi cha dukani iliandikwa *palmier rustique*. Papa alisoma kwa sauti, akacheka mpaka akavua miwani. *Palmier* ni mti wa jamii ya michikichi; *rustique*, kwake, ni mshamba.

"Bon, huyu ni muntu ya mu mugini," akasema, mugini kwetu ikiwa ni kijijini. "Aikale kwanza mu salon, ajifunze maisha ya mu ville."

Akaiweka kando ya shofaji ya kupasha nyumba joto, ambayo Maman huiwasha kana kwamba sisi ni mikate. Kila mgeni aliyepita baada ya ibada aliisalimia ngazi na kuiuliza habari za kijijini. Nilicheka nao. Lakini ncha za majani zilikuwa zinakauka, na sababu niliijua. Kitabu cha maktaba ya shule kilisema kwamba kwa watu wa bustani, *rustique* ni mmea unaovumilia baridi. Tulikuwa tunauua kwa joto.

Shida ni kwamba mimi simkosoi Papa. Mimi hata mkate dukani naomba kwa kidole. Nilifanya mazoezi ya sentensi moja bafuni, na Jumapili, wageni wakiwa na sahani mikononi, ikanitoka:

"Papa, *rustique* haiko mushamba. Ni ile haiogope baridi."

Masikio yangu yaliwaka. Papa akaitazama ngazi, kisha mimi.

"Na wewe uliiacha iungue tu?"

Tukachimba shimo nyuma ya nyumba saa ileile, yeye na tai yake shingoni.

Theluji ilipokuja, Maman alitaka kuifunga kitambaa cha kikwembe kama mtoto mchanga. Nilimkataza, halafu hofu ikanishika: ikifa, ni mimi. Mwezi wa tatu nikavuta polepole jani changa la katikati, lililojikunja kama mkuki. Likichomoka, mti umekufa.

Halikuchomoka! Nikalichora mstari wa kalamu ya bic pale linapotokea kwenye shina. Wiki chache baadaye mstari ulikuwa umepanda: jani lilikuwa linakua. Niliita kwa sauti hadi jirani akafungua dirisha. Papa akaja na soksi kwenye matope, akaweka kidole kati ya mstari na shina, akakitoa, akakiweka tena.