Msichana wa Jerikani

Picha ya eksirei ya kifua cha mdogo wangu niliifunga kwa leso nikaificha chini ya godoro, maana nilimjua. Huyo akiona plastiki yoyote ndani ya nyumba, mikono ilimwasha.

Tulitoka Kenya wawili, vita vya Kampala vimeisha juzi tu na watu wanatafuta kila kitu, chumvi, sabuni, kibiriti. Mimi niliuza vitunguu soko la Nakasero. Yeye alichora mabango ya maduka na baa huko Kansanga, tulikopanga chumba kimoja. Halafu akaingiwa na wazimu wa katuni. Padri mmoja mzee alimwazima kamera ya sinema ya kutiwa ufunguo kama saa, na mdogo wangu akaapa kwamba mchoro wake utatembea.

Sasa mchoro hautembei bure. Unamchora msichana, unabonyeza kamera mara moja, unamchora tena amesogea kidogo, unabonyeza tena. Ukichora na barabara yote kila mara utazeekea hapo. Kwa hiyo msichana huchorwa peke yake kwenye plastiki angavu, akalazwa juu ya barabara iliyochorwa mara moja tu. Plastiki hiyo Kampala ungeitoa wapi? Yeye aliitoa hospitali. Mfagizi wa stoo alimpa eksirei kuukuu za watu waliokwisha kupona, au waliokwisha wenyewe, na mimi nikageuzwa dobi. Nilizilowesha kwenye beseni la dawa ya kung'arishia mashuka, nikasugua, mbavu za watu zikatoka kama utando wa maziwa. Ilibaki plastiki yenye ubuluu kidogo. Yeye alifurahi, eti mbingu tumepewa, hakuna haja ya kupaka rangi.

Kamera aliiweka juu ya stuli ndefu, ikachungulia chini kupitia tundu alilolikata kwenye kikalio. Misumari miwili kwenye ubao uliolala chini yake ilishika kila plastiki mahali palepale, msichana asiyumbe. Umeme haukuaminika, basi tulipiga saa sita mchana mlango ukiwa wazi, kabla kivuli hakijahama. Nilimwita kichaa, lakini nilikuwa namshikia ubao.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Msichana amebeba jerikani kichwani, anajikwaa, anaanguka, anainuka, anaenda zake.

Kikohozi kilimkuta katikati ya kazi hiyo. Alikonda mpaka mkanda ukatobolewa matundu mapya. Daktari alimpiga eksirei, akampa dawa, akaniambia mimi, maana aliona nani ana akili hapo: "Mama, tunza picha hii. Mtambo wetu umeishiwa filamu. Zikija nitampiga nyingine, niziweke pamoja nione kama dawa inamsaidia au nibadilishe. Bila hii nitakuwa nabahatisha." Ndiyo maana ya godoro. Sikuwa na kitu kingine cha kushikilia.

Kumbe eksirei za stoo nazo zilikuwa zinaisha. Watu walishazigundua, wakaziba nazo madirisha yaliyovunjwa na vita. Zetu tulizifuta na kuzichora upya mpaka zikachubuka, na kamera inaona kila mchubuko. Padri naye akahamishwa, akataka kamera yake wiki hiyohiyo. Na kuanguka kulikuwa rahisi, plastiki chache tu, puu, msichana yuko chini. Kuinuka ndiko kulikokula plastiki, kwa sababu mtu huinuka polepole.

"Dada, imepungua plastiki moja tu," aliniambia. "Goti limeinuka, mgongo bado."

"Akae hapohapo. Ile ya kifua chako usiniombe tena."

Nikaenda sokoni. Niliporudi mchana niliiona ile eksirei ya chini ya godoro kwenye kamba ya nguo, kati ya gauni langu na fulana yake, buluu tupu, inadondosha maji. Nilimtukana matusi ambayo mama yetu hakutufundisha. Nikamwuliza daktari ataangalia nini sasa, ukuta?

Alikuwa amekaa sakafuni akipumua kwa shida. "Kifua changu nakijua, dada. Yeye hata akikijua, atanipa nini? Nishikie ubao, jua linahama."

Nilimshikia. Kikohozi kilimkamata, mimi ndiye niliyebonyeza.

Filamu za eksirei zilifika hospitali muda si mrefu baadaye. Daktari alipiga picha mpya, akaninyooshea mkono apewe ile ya zamani. Nikamwambia imefuliwa. Alidhani namfanyia mzaha, akakasirika, kisha akaendelea na dawa zilezile kwa kuwa hakuwa na picha ya kulinganisha nayo. Mdogo wangu tulimzika kwetu kabla ya mvua ndogo.

Filamu ya msichana padri alikuwa ameipeleka Ulaya kusafishwa. Ilipofika nilikuwa nimesharudi sokoni kwangu; padri aliniita huko alikohamishiwa, akaionyesha ukutani katika ukumbi wa kanisa. Ilikwisha kabla sijakaa vizuri. Msichana alikuja na jerikani yake chini ya ule ubuluu, akaanguka, goti likainuka, kisha mgongo, akasimama, akaenda. Watu walipiga makofi. Padri aliniuliza kama airudie, nikaitikia kwa kichwa. Msichana alipoanguka mara ya pili nilikuwa nimeng'ang'ania kiti kwa mikono yote miwili. Nilitaka abaki palepale chini, nirudishiwe kifua cha ndugu yangu. Akainuka.