Hema la Maji Kule Kiplombe

Kuna Jumapili moja ambayo bado naikumbuka, mwanangu, hata nikiwa katikati ya kazi. Ilikuwa Kiplombe, pembeni ya mji wa Eldoret, mahindi yameshavunwa, na mimi nilikuwa kijana mwenye spika kubwa kuliko mtu yeyote Uasin Gishu. Si kujisifu, ni ukweli. Darasa la saba sikumaliza, lakini spika ya kwanza niliiunda kwa mikono yangu, kwa mbao zilizobaki kwa fundi wa majeneza. Leo hakuna harusi ya maana hapa Eldoret ambayo haijanipigia simu.

Siku hiyo haikuwa harusi. Wanafunzi wa chuo kule Chepkoilel walitaka kucheza ule muziki wa mashine, usio na mwimbaji, mdundo tu na sauti zinazopanda kama upepo ulioingia chini ya mabati. Mjini walikuwa wamekataliwa. Tangu polisi waanze kusaka vidonge vya kulevya, mwenye ukumbi akisikia mdundo huo anafunga mlango, kwa sababu sheria inamshika hata mwenye mahali akijua na kunyamaza. Basi wakakodi shamba la Mama Jebet, mjane mfuga ng'ombe, tena mchana, mtu asije kusema wanajificha.

Nilipowasha mitambo na wale watoto wakainuka wote pamoja, nilibaki mdomo wazi. Nimepiga muziki kanisani, nimepiga kwa mikutano ya siasa, lakini sikuwa nimeona umati kama ule ukicheza bila mtu kumsukuma mwenzake. Ardhi yenyewe ilikuwa inapumua.

Sasa sikia ujanja wangu. Vijana walikuwa wamesimamisha hema la maji, mahali pa kunywa na kupumzika anayezidiwa, na ndani muuguzi. Rafiki yangu mmoja, aliyependa kujifanya wakili, akaninong'oneza: "Hilo hema ni ushahidi. Ukiweka mtu wa kutibu, umekubali unajua watakula vidonge. Spika zako zitaenda kituoni kama mali ya wizi." Nikaingiwa na baridi. Nikawaambia wale vijana, hema likibaki, mimi nazima. Wakalikunja, muuguzi akaenda zake.

Jua likiwa bado juu, kijana mmoja akaanguka. Wenzake walimvuta nyuma ya jenereta yangu, wakamfunika jaketi. Nilipomgusa alikuwa moto kama sufuria, meno yamekazana.

"Amekula nini?" nikauliza.

Walitazamana. Kisha mmoja akasema, "Boss, usiite karao. Hao polisi watatubeba sote. Ataamka tu."

Nami nikaona nina akili kuwashinda. Nikawaambia tumbebe, tukamlaze kando ya barabara ya nyuma, nje ya fensi, mpita njia atamwokota.

Hapo ndipo Mama Jebet alipotokea, ndoo mkononi, buti za mpira miguuni. Akamtazama kijana, halafu mimi.

"Unampeleka wapi?"

"Nje ya shamba lako, Mama. Sheria itakushika wewe mwenyewe."

"Juzi ng'ombe wangu aliingia kwa jirani, akala majani mabichi, akavimba. Unajua nani alimtoboa ubavu kumtoa hewa? Jirani. Mambo ya fensi tuliongea jioni, ng'ombe akiwa amesimama. Sasa wewe, mtoto wa mtu anakufa, unaniletea mambo ya fensi?"

Nikaiachia miguu ya kijana niliyokuwa nimeishika.

"Zima hiyo kelele," akasema.

Nilizima. Umati wote ule ukageuka. Mama Jebet akapita katikati yao, nao wakampisha, mpaka langoni, ambako polisi wawili walikuwa wameegesha gari lao kutuchunguza.

"Mimi ndiye mwenye shamba," akawaambia. "Kuna mtoto amekula kidonge, anakufa. Leteni gari ndani."

Afande mkubwa akamwangalia. "Mama, unajua hayo maneno yanaweza kukufunga?"

"Kesho nitakuja kituoni kwa miguu yangu. Leo endesha."

Mwanangu, wakubwa wengi wamehutubia kwa maikrofoni yangu. Sijasikia maneno mazito kama yale, na hayakuwa na maikrofoni. Afande alivua kofia, akaenda kumbeba kijana kwa mikono yake. Halafu msichana mmoja akatoka katikati ya watu, analia, akafungua kiganja chenye kidonge mbele ya polisi. "Ni hii alikula. Daktari aione." Hakuna aliyemtia pingu. Nywele zilinisimama, na bado husimama nikisimulia.

Kijana alipona. Asubuhi Mama Jebet akaenda kituoni na nguo ya kanisa, nami nikamfuata bila kuitwa. Mkuu wa kituo alitugombeza vizuri sana, kisha akaturudisha nyumbani. Siwezi kukuahidi kwamba kila kituo kitafanya hivyo.

Tangu hapo spika zangu haziendi mahali bila hema la maji. Hata kwa harusi. Watu hunicheka: "Mzee, nani atazimia kwa chapati?" Nawajibu kwamba hema ni sehemu ya mitambo, asiyelitaka atafute redio.

Basi shika haya. Kidonge usiguse, hata ukipewa na unayempenda. Sheria iheshimu, mimi naiogopa mpaka leo. Lakini hakuna sheria iliyoniambia nikunje lile hema. Ni woga wangu uliosema hivyo, ukajiita sheria. Na muziki ukifukuzwa uwanjani utaingia kwenye stoo yenye mlango mmoja, kwa hivyo cheza mahali mama yako anaweza kupita akuone. Mwenzako akianguka, sema alichokula, hata kama polisi amesimama hapo.

Mungu akupe miguu ya kucheza mpaka mvi. Ukianguka, uangukie karibu na mtu kama Mama Jebet. Na akianguka mwingine, mtu huyo awe wewe.